Koili Chini ya Pikapu ya Mtae

Kosa langu la kwanza kazini nililifanya siku ile ile niliyoanza. Nilikaza bolti za springi gari likiwa bado limening'inia juu ya jeki. Lilikuwa lori dogo la shamba la mkonge pale Mazinde, chini ya milima, na nilizikaza kwa nguvu zangu zote. Kisha nikazipitia tena, na tena, maana nilitaka Fundi Mkuu aone kwamba kijana aliyeteremka kutoka Lushoto hana mchezo. Alipita, akazijaribu kwa spana, hazikutikisika, akaenda zake. Nilirudi kulala nikijiona fundi.

Majuma machache baadaye lori lilirudi likilia kama kitanda kibovu.

Kwa vijana ambao hawajawahi kulala chini ya gari la aina ile, nieleze kidogo. Springi za magari mengi ya wakati wetu zilikuwa za bapa: vipande vya chuma bapa vilivyopindwa kama upinde, kimoja juu ya kingine, kirefu juu na kifupi chini, vikafungwa pamoja katikati na kushikizwa kwenye ekseli, mhimili unaobeba magurudumu. Bapa la juu lina tundu kila mwisho, na ndani ya tundu hukaa bushi, yaani pete nene ya mpira. Bolti inapita ndani ya bushi hiyo na kuishika springi kwenye chesisi, ile fremu ya chuma ya gari. Springi inapocheza, ni mpira unaojinyonga na kujinyongoa.

Fundi Mkuu alikuwa Mbondei wa makamo, mtu wa sauti ndogo. Aliitoa bushi, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa imechanika kama chapati.

"Hassani, uliikaza gari likiwa wapi?"

"Juu ya jeki, Fundi."

"Magurudumu yananing'inia?"

"Ndiyo, Fundi."

"Ukilala umejipinda shingo, halafu mtu akakugongea misumari ubaki hivyo hivyo, asubuhi utaamka salama?"

Wenzangu waliokuwa wakisafisha mikono kwa mafuta ya taa wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu wa milimani amezoea kuning'inia." Nami nilikuwa natafuta pa kujificha.

"Mpira una kumbukumbu," Fundi Mkuu akaendelea. "Ukiubana ukiwa umejinyonga, kila siku utapigana kurudi ulikotoka, mpaka ukatike. Shusha gari. Liache likae kwa uzito wake. Ndipo ukaze. Gari hukazwa likiwa limesimama kama litakavyofanya kazi."

Sentensi hiyo ya mwisho nimeibeba mpaka leo. Nilidhani nimeielewa siku ile. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba nilikuwa nimeelewa nusu yake tu.

Sikusomea ufundi. Nilimaliza madarasa machache, baba akanitaka shambani kwenye viazi na kabichi, mimi nikawa natorokea barabarani kila lilipoharibika gari. Nilijifunza kwa kufungua vitu na kuogopa kwamba sitaweza kuvifunga. Hofu hiyo ndiyo iliyokuwa mwalimu wangu, nami sioni haya kuikiri. Kijana aliyetoka shule ya ufundi akikosea, ana cheti cha kumkinga. Mimi nikikosea nilikuwa mtoto wa mkulima aliyeingilia yasiyomhusu. Kwa hiyo nilipima kila kitu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na nikikaza nati nilirudi kuigusa hata baada ya gari kuwashwa. Madereva walinikasirikia. "Fundi, unaiaga?" waliuliza.

Uhuru ulipokuwa bado mbichi niliondoka Mazinde nikapanda kurudi milimani, kwenye karakana ya misitu pale Magamba. Kazi ilikuwa malori ya magogo. Msimamizi wa pale, mtu mrefu asiyependa maneno, ndiye aliyenifundisha kuchomelea. Alinionyesha kwamba chuma kikipashwa moto upande mmoja hupinda kufuata moto, kwa hiyo unachomelea kidogo huku, unaacha kipoe, unahamia upande wa pili. "Usiwe na haraka na chuma," alikuwa akisema, "kitakulipiza."

Magamba ndiko nilikoizoea desturi ya wapakiaji. Walipopandisha magogo, mmoja wao alichuchumaa kando ya gurudumu la nyuma akitazama springi. Mzigo ulivyoongezeka, upinde wa bapa ulizidi kunyooka. Zikifika kulala sawa kama ubao, yule aliyechuchumaa alipaza sauti: "Basi!" Hapo hakuna aliyebishana, hata Msimamizi. Niliisikia "Basi!" hiyo miaka yote niliyokaa Magamba, asubuhi na alasiri, kama mtu anavyosikia jogoo. Wala sikuwahi kuifikiria.

Miaka ya vijiji vya ujamaa ilinikuta Lushoto mjini, kwenye karakana ya wilaya. Vipuri vilikuwa adimu. Gari lilipokosa kitu tulikichonga, tulikiazima kutoka gari jingine, au tulingoja. Mkuu wetu alikuwa Mhandisi wa Wilaya, bado kijana, aliyesoma ng'ambo, mpole, anayekunja mikono ya shati na kuingia chini ya gari pamoja nasi. Tulimwita Ndugu Mhandisi, naye alipenda kuitwa hivyo.

Kati ya magari tuliyoyatunza, lililonikosesha raha lilikuwa pikapu ya Mtae. Ilikuwa ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, imara, yenye turubai nyuma. Ilikuwa gari pekee la kijiji kile kilicho juu ya ukingo wa mlima, mwisho kabisa wa barabara. Ilipanda na madawa, mbegu na mabati. Ilishuka na viazi na kabichi, na ilipobidi ilishuka na wagonjwa. Mawe ya barabara ile yalivunja bapa mara kwa mara, na kwa kuwa bapa zake hazikupatikana, tuliziba mapengo kwa bapa za malori. Springi haikuvunjika tena. Lakini sasa ilikuwa ngumu kama reli.

Siku moja dereva wake, Mbwana, aliingia nayo karakanani akiwa na mama mmoja mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa Mkunga wa zahanati ya Mtae. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba bila kunitazama, macho yake yakiwa kwenye gurudumu la nyuma.

"Nani fundi wa gari hili?"

"Ni mimi, Mama."

"Umewahi kulala huku nyuma?"

"Kulala, Mama?"

"Kulala. Kama mgonjwa."

"Hapana, Mama."

"Basi panda. Mbwana, washa gari."

Nilipanda kwa kuwa sikujua namna ya kukataa. Alinilaza chali juu ya godoro jembamba la zahanati, yeye akaketi pembeni akiwa amejishikilia kwenye chuma cha turubai, na Mbwana akatupeleka mpaka Magamba na kuturudisha. Vijana, mimi nilizijua springi zile kwa majina. Nilikuwa nimezifunga kwa mikono yangu. Lakini sikuwahi kuzijua kwa mgongo. Kila jiwe lilinirusha, na nilipotua gari lilikuwa tayari linapanda kuja kunipiga tena. Nilijigonga kisogo, nikauma ulimi.

Mbwana alipiga kelele kutoka mbele, "Fundi! Mtoto keshazaliwa au bado?"

"Nyamaza uendeshe," Mama Mkunga akamjibu. Kisha akaniinamia. "Sasa fikiria una uchungu wa uzazi, na hapa ni Magamba tu. Mtae bado mbali. Wanawake wangu wamekataa kupanda gari hili. Wanasema afadhali machela."

Machela ni kitanda cha miti na kamba kinachobebwa begani na wanaume kwa kupokezana. Milimani kwetu kumbeba mgonjwa ni deni la kila jirani, na wanaume wa Mtae walilitimiza bila kunung'unika. Lakini njia ilikuwa ndefu, na Mama Mkunga aliniambia kwa sauti ya chini kwamba si wote waliobebwa walifika wakiwa hai.  

Nyuma ya karakana kulikuwa na mabaki ya gari jingine la kuvuta kwa magurudumu yote, la kufunikwa, lililotumbukia bondeni na kuachwa kwetu. Bodi ilikuwa imekunjamana, lakini chini lilikuwa zima, na chini yake hapakuwa na bapa. Lilikuwa na koili: springi za waya mnene wa chuma uliozungushwa, moja kila gurudumu, laini, zinazobonyea sana kabla hazijafika mwisho. Nilikuwa nimelitazama gari lile kwa muda mrefu jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama hoteli. Nikaenda kwa Mhandisi.

"Ndugu Mhandisi, naomba kutoa bapa za pikapu ya Mtae niweke koili za lile gari bovu."

Alifuta mikono yake taratibu. "Springi ya bapa inafanya kazi ngapi, Ndugu Hassani?"

"Moja. Inabeba."

"Fikiri tena."

Nilifikiri, nikijua kwamba nimekosea lakini sijui wapi. Alinihurumia. Alichuchumaa, akachora kwa kijiti kwenye vumbi.

"Inabeba, ndiyo. Lakini nani anaizuia ekseli isikimbilie mbele au isibaki nyuma ukipiga breki? Bapa hilo hilo. Na nani anaizuia isiteleze kushoto na kulia kwenye kona? Bapa. Kazi tatu. Koili inajua kazi moja tu. Ukitoa bapa ukaweka koili peke yake, ekseli itakuwa kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba."

Nasema bila aibu kwamba bila mchoro ule ningeua mtu. Alikuwa amesoma, nami nilifaidi kusoma kwake.

"Na zile fimbo zilizo chini ya gari bovu?" niliuliza.

"Sasa unaona," alisema akatabasamu. "Zile ndefu mbili zinaishika ekseli mbele na nyuma. Ile moja ya kukingama inaishika isiende pembeni. Lazima zihame zote pamoja na koili." Kisha tabasamu likaondoka. "Lakini pikapu ni moja tu. Ukiiharibu, Mtae hawana gari. Bapa za zamani usizitupe. Ikishindikana zinarudi mahali pake, na sitakuruhusu kujaribu tena."

Nilianza na nyuma, maana ndiko anakolala mgonjwa. Kwanza niliegesha pikapu mahali tambarare, nikapima mahali ekseli ilipokaa chini ya chesisi, upande hadi upande na kona hadi kona, nikatia alama kwa patasi ili zisifutike. Nilipima tena kesho yake kwa kuwa sikuamini vipimo vya jana. Nikafungua yubolti, zile zenye umbo la kiatu cha farasi zinazozibana bapa kwenye ekseli, na bapa zikatoka, nzito na nyeusi. Nikazipanga ukutani. Chesisi ilibaki uchi, nami nikashikwa na hofu. Rudi nyuma, roho iliniambia, bado hujakata kitu. Sikurudi.

Nilikata vikalio vya koili kutoka gari bovu na kuvichomelea kwenye pikapu, vya juu kwenye chesisi na vya chini kwenye ekseli. Ekseli ni bomba, na ndani yake kuna shafti inayozunguka, kwa hiyo bomba likipinda kidogo tu kila kitu kinakula kingine. Nikafuata mafundisho ya Magamba: kidogo kushoto, acha ipoe, kidogo kulia. Kazi ambayo mwingine angeimaliza kabla ya chakula cha mchana mimi nilishinda nayo kutwa. Kisha zile fimbo mbili ndefu, na mashikio yake niliyoyaongezea bati nene kwa nyuma. Difu, lile tumbo la ekseli linalopokea nguvu kutoka kwenye injini, nililielekeza kama lilivyokuwa zamani, la sivyo propela shafti, lile bomba refu linaloileta nguvu hiyo, ingetetemeka. Mwisho nikafunga fimbo ya kukingama. Ndani ya kila koili niliweka gogo fupi la mpira mgumu, ili springi ikishuka kabisa ikutane na mpira badala ya chuma kugonga chuma.

Mbele ilinisumbua zaidi. Mara ya kwanza usukani haukutaka kurudi wenyewe baada ya kona. Mhandisi aliniambia ekseli ya mbele imesimama wima mno, inatakiwa kulala nyuma kidogo. Nilikata, nikageuza, nikachomelea upya. Shokapu, zile pampu zinazoituliza springi isiendelee kurukaruka, tulizihamisha pia.

Fimbo nazo zina bushi miishoni, na bolti za bushi hizo sikuzikaza mpaka gari likashuka chini na kukaa kwa uzito wake. Niliweka na magunia ya mchanga nyuma. Nilimkumbuka Fundi Mkuu wa Mazinde, nikajisifu moyoni: safari hii nimekaza likiwa limesimama kama litakavyofanya kazi.

Nilipanda nalo hadi Mtae. Mama Mkunga alitoka zahanati, akanisalimia kwa Kishambaa, "Onga mshi," akavua viatu, akapanda nyuma na kujilaza mwenyewe kwenye godoro. "Twende," alisema. Mbwana alimzungusha kwenye mawe yote aliyoyajua. Tuliporudi alishuka akijifunga kitambaa chake.

"Sasa hili ni gari," alisema. "Nitawaambia wanawake."

Kama ningeandika kitabu cha kujisifu ningeishia hapo.

Haukupita muda mrefu, Mbwana aliingia karakanani akiendesha polepole, pikapu ikitembea upande kama mbwa. Nilijitupa chini yake. Shikio la fimbo ya kukingama lilikuwa limepasuka pale nilipochomelea, ekseli ya nyuma imesogea pembeni, na magogo ya mpira ndani ya koili yalikuwa yamepondeka kuwa unga.

"Ulipakia nini?" nilimuuliza Mbwana.

"Viazi."

"Viazi gani? Mawe?"

"Fundi, mimi ni dereva. Kule wanapakia wao, mimi naambiwa twende."

Mhandisi alikuja akachuchumaa, akaligusa shikio lililopasuka. "Pole, Ndugu Hassani," alisema. "Ulijitahidi. Rudisha bapa."

Sikulala vizuri, na sitadai kwamba nilifikiria wagonjwa. Nilifikiria jina langu. Lakini asubuhi Mbwana aliniambia jambo lililoniondolea habari ya jina. Zuhura, binti wa Mzee Kaniki, kiongozi wa wapakiaji wa Mtae, alikuwa na mimba ya pacha. Mama Mkunga alitaka ateremshwe hospitali Lushoto kabla uchungu haujaanza. Binti alikuwa amekubali kupanda gari lenye koili tu, kwa sababu Mama Mkunga alimwapia. "Ukirudisha zile reli zako," alisema Mbwana, na mara hii hakuwa anatania, "watambeba kwa machela. Mimi namjua yule binti, hapandi."

Nilimwomba Mhandisi jambo moja: nilitengeneze lile shikio, nipande Mtae kuuliza, kabla sijagusa bapa. Alinitazama. "Kuuliza nini?"

"Sijui, Ndugu Mhandisi. Shikio nililichomelea vizuri. Nataka kujua lilivunjwaje."

"Nenda," alisema. "Ukirudi nataka jibu, au nataka bapa."

Mzee Kaniki nilimkuta kwenye ghala la kijiji, mtu mfupi mwenye mabega ya kubeba dunia. Nilimwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, za mashamba, za mvua, zote zikawa njema. Kisha nikamuuliza, "Mzee, siku ile mlipopakia viazi, mlijuaje mzigo umetosha?"

"Hatukujua," alijibu.

"Hamkujua?"

"Sisi hutazama springi. Mimi mwenyewe huchuchumaa pale kwenye gurudumu, miaka yote. Ikinyooka kama ubao nasema basi. Siku ile nikachuchumaa, nikatazama, sikuona springi. Naona waya umejikunja ndani gizani. Vijana wakauliza, 'Mzee, basi?' Nikawaambia bado. Wakaongeza. 'Mzee, basi?' Bado." Alinyosha mikono. "Tukasema, hili gari limetengenezwa upya huko wilayani, halina kikomo. Wakapandisha na kabichi juu."

Vijana wake walicheka, naye akacheka, na mimi nilisimama pale nikisikia sauti ya Magamba: "Basi!" Nilikuwa nimeisikia asubuhi na alasiri kwa miaka. Nilipima chesisi kona hadi kona. Nilipima ekseli, difu, fimbo. Mtu aliyechuchumaa kando ya gurudumu sikumpima. Springi ya bapa haikuwa na kazi tatu tu. Ilikuwa na ya nne: ilisema. Nami nilikuwa nimewanyang'anya watu wa Mtae kitu walichokuwa wakikisoma, nikawaachia waya gizani. Kwa maneno ya Fundi Mkuu, nilikuwa nimekaza tena gari likining'inia.

Nilirudi Lushoto nikamwambia Mhandisi. Hakucheka. "Hata mimi sikuliona," alisema. "Wape macho yao."

Nilikwenda kwenye zile bapa zilizopangwa ukutani, nikachukua bapa lililo fupi kuliko yote. Nililisimamisha wima kwenye chesisi nyuma ya gurudumu, ncha ikitazama chini, kando kidogo ya ekseli ili ekseli ipande na kushuka bila kuligonga. Shikio la fimbo ya kukingama nililiongezea bati mara mbili, na magogo mapya ya mpira nikayaweka. Rangi nyekundu niliichukua, lakini sikulipaka lile bapa karakanani. Bolti za bushi nazo niliziacha bila kuzikaza, nikaweka spana kwenye gari, na tukapanda taratibu hadi Mtae.

Mbele ya ghala nilimwita Mzee Kaniki, nikamwomba achuchumae mahali pake. Vijana wakaanza kupandisha viazi. Nilipoona koili zimefika pale nilipotaka, nikawaambia wasimame. Nikaingia chini na kutia rangi kwenye ncha ya lile bapa, sawasawa na mahali ekseli ilipokuwa imefikia.

"Mzee, unaona nyekundu?"

"Naiona."

"Ekseli ikifika kwenye nyekundu?"

Akaitazama, akacheka kwa kifua. "Basi!"

"Basi," nikasema.

Tukashusha nusu ya mzigo, gari likakaa kama linavyokaa siku nyingi za kazi, na pale pale kwenye vumbi la Mtae, nikiwa chali chini yake, nikakaza bolti zote. Sikurudi kuzigusa mara ya pili. Mbwana aliliona hilo, akasema, "Leo fundi hajaaga."

Siku Zuhura aliposhuka nilikaa mbele karibu na Mbwana, masikio yangu yako nyuma. Kila jiwe tulilolipita nilisikiliza kama atalia. Njia nzima nilimsikia Mama Mkunga akizungumza, na sauti ya Zuhura ikimjibu, halafu kuanzia Lukozi, kijiji cha njiani, sikusikia sauti yake tena.  Nikagonga bati la nyuma.

"Mama! Vipi?"

"Amelala," Mama Mkunga akajibu. "Nawe acha kugonga."

Tulifika hospitali. Pacha walizaliwa salama, wa kike wote. Nilipokwenda kumpa hongera nilimuuliza Zuhura, kwa ile tabia yangu ya kutaka kujua kila kitu, kama gari lilimchosha. Alifikiri kidogo. "Gari halina neno," alisema. "Kilichonichosha ni mdomo wa Mbwana."

Pikapu ile ilifanya kazi Mtae miaka mingi na koili zake. Bapa nyingine hazikurudi. Nilizitumia kutengenezea patasi na panga, na moja ninayo nyumbani inazuia mlango. Baada ya hapo nilibadilisha magari mengine kutoka bapa kwenda koili, na kila moja nililifungia bapa fupi lenye ncha nyekundu. Mafundi vijana walidhani ni urembo wangu. Niliwapeleka wakamwone mpakiaji kwanza, ndipo waguse spana.

Nilistaafu nikiwa msimamizi wa karakana. Bado nina wasiwasi, hata nikifunga geti huwa narudi kulijaribu. Lakini ufundi wangu nauamini. Ninajua kukata, kuchomelea na kulaza ekseli mahali pake, na ninajua kwamba kazi haijaisha mpaka atakayeitumia aione inamwambia nini. Hilo sikulipata kwenye vipimo. Nililipata kwa mzee aliyechuchumaa.

Siku hizi magari yanatoka kiwandani yakiwa na koili, na hakuna anayehitaji mtu kama mimi kuzichomelea. Wanawake wa Mtae wanashuka hospitali wakiwa wamekaa. Wapakiaji hawachuchumai tena kando ya gurudumu. Wanamwuliza dereva kama mzigo umetosha, na dereva anasema, "Pakia tu."